Kufanya Shauri na Kukata Shauri: Ardhi ya Wameru mbele ya Serikali ya Udhamini, 1946–1953

Katika zama za Waingereza Tanganyika, afisa mdogo wa wilaya, aliyekuwa chini ya D.C., aliitwa na watu Bwana Shauri. Jina hilo laeleza kazi yake kwa ufupi kuliko sheria yoyote: ndiye aliyeketi mezani, akasikiliza maneno ya watu, kisha akayaamua. Wadachi waliotangulia walikuwa wamekwisha kulichukua neno hilohilo wakalitia katika lugha yao. Schauri kwao ni kikao cha afisa na wenyeji bomani, pamoja na maliwali, majumbe na wazee. Ni maneno machache sana ya Kiswahili yaliyoingia katika madaftari ya serikali mbili za kigeni kwa heshima kama hiyo, na ni machache yaliyogeuka maana yake kwa kadiri hiyo yalipokuwa humo.

Asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kupeana maoni. Mtu hutaka shauri kwa mwenziwe, watu hufanya shauri, ndugu hushauriana. Hata hapo neno lina pande mbili. Lakini Kiswahili husema pia kukata shauri, yaani kuamua, na msemo huo wazaa swali ambalo maana ya kwanza hailijibu: akataye ni nani? Kijijini, aghalabu waliolifanya shauri ndio waliolikata, au walikuwapo lilipokatwa. Bomani lilifanywa na wengi likakatwa na mmoja. Neno baraza nalo lilipitia njia kama hiyo. Kwanza ni kiti cha mawe au sakafu ya nje ya nyumba, mahali pa jirani kukaa na kuzungumza, wala hapana mwenye kuhitaji ruhusa ya kuketi. Baadaye likawa jina la mkutano ulioitishwa na D.C., ambapo watu waliketi chini na amri zikasomwa. Mwaka 1926 likapanda juu zaidi, likawa Baraza la Kutunga Sheria mjini Dar es Salaam. Muda wa karibu miaka ishirini baraza hilo halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa na Gavana mwaka 1945. Hivyo neno lilitoka kibarazani kwa watu likafika Dar es Salaam bila ya wale waliokuwa wakikaa hapo kibarazani.

Mwenye kuandika historia ya utawala huo yumo katika hatari ya kukosea kwa namna mbili. Aweza kudhani kwamba serikali ya amri, ambayo Gavana wake aliletwa kutoka London wala hakuchaguliwa na mtu yeyote wa nchi, haikuwauliza watu neno lolote. Hilo si kweli; iliuliza mara nyingi, tena kwa bidii, na kumbukumbu zake zimejaa majibu. Aweza tena kuzisoma kumbukumbu hizo akaona kila baraza ni ushahidi wa watu kushiriki katika mambo yao. Hilo nalo si kweli. Kati ya kuulizwa na kusikilizwa pana nafasi, na upana wake haupimiki kwa hesabu ya mikutano. Kesi ya ardhi ya Wameru yaipima vizuri kwa sababu Wameru waliulizwa, walijibu, na jibu lao lilikuwa hapana.

Mlima Meru u magharibi ya Kilimanjaro, na Wameru wamelima mitelemko yake ya kusini na mashariki tangu kabla ya utawala wa wageni. Wadachi waliwashinda kwa vita baada ya wamisionari wawili wa Leipzig kuuawa huko mwaka 1896, wakajenga boma la Arusha mwaka 1900, na katika miaka iliyofuata wakaigawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika ya Kusini. Mashamba hayo yalifanya pete kuuzunguka mlima. Wameru na Waarusha walibaki ndani, wenye migomba juu na mashamba ya watu wengine chini, na malisho ya ng'ombe wao ng'ambo ya mashamba hayo. Baada ya Vita ya Kwanza sehemu ya ardhi ya Wadachi upande wa kaskazini-mashariki ilirudi mikononi mwa Wameru. Mahali hapo paliitwa Ngare Nanyuki, jina la Kimasai lenye maana ya maji mekundu, na maji hayo ndiyo yaliyopafanya pawe na thamani: mto, malisho, na magadi kwa mifugo.

Vita ya Pili ilipokwisha serikali ilikuwa na mashamba ya Wadachi ya kugawa upya, na juu ya milima yote miwili watu walikuwa wamesongana. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson aliwekwa kuwa tume ya mtu mmoja kuchunguza ardhi ya Wilaya za Moshi na Arusha. Agizo alilopewa lilikuwa na mambo mawili ambayo kwa karatasi yapatana. La kwanza, kupunguza msongamano wa wenyeji. La pili, kuyapanga maeneo ili ardhi ya wenyeji iwe kipande kimoja na ardhi ya walowezi iwe kipande kimoja, zisiingiliane. Jambo la pili ndilo lililotoa matokeo yote. Katika taarifa yake, iliyotolewa mwaka 1947, Wilson alipendekeza nchi iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru, mpaka Sanya, iwe eneo moja la Wazungu la kufugia ng'ombe wa maziwa na nyama. Wameru wa Ngare Nanyuki na Leguruki walikuwa katikati ya eneo hilo. Wangehamishwa, na badala yake Wameru wangepewa ardhi nyingine, iliyo kubwa ni ile ya Kingori upande wa kusini-mashariki.

Haki yataka hoja ya serikali ielezwe kama ilivyokuwa. Serikali ilisema kwamba, ekari kwa ekari, Wameru wangepata zaidi ya walichopoteza. Kwamba Kingori ingetengenezwa kwa maji na kusafishwa mbung'o. Kwamba fidia ingelipwa. Na kwamba nchi nzima ingefaidika kwa maziwa na nyama ambavyo wakulima wenye ujuzi wangetoa. Hesabu ya ekari haikuwa ya uongo. Wameru walijibu kwa hesabu ya namna nyingine. Kingori ilikuwa chini, yenye joto, homa na maradhi ya ng'ombe. Ngare Nanyuki ilikuwa na nyumba, makaburi, kanisa na shule. Mpango wenyewe, walisema, uliwahamisha watu wapatao 3,000 ili mashamba machache yakae pamoja, na sababu ya kukaa pamoja haikuwa nyingine ila rangi ya wenye mashamba.

Sasa waliulizwa vipi? Njia halali, kwa kufuata utawala wa kupitia wenyeji uliowekwa na Gavana Cameron katika miaka ya 1920, ilikuwa kwa Mangi na baraza lake. Mangi Sante, hata hivyo, alikuwa wakati uleule katika mabishano makali na watu wake mwenyewe, ambao walimwona kuwa ni mtu wa boma kuliko mtu wao. Chini yake walikuwapo washili, wakuu wa koo, na viongozi wa rika, ambao kwa desturi walibeba maneno ya watu, na pembeni walikuwapo Wakristo wasomi wa misioni ya Kilutheri. Serikali ilimtambua wa kwanza; hao wengine iliwaita wachochezi kila walipoanza kusema kwa nguvu. Ugumu huu ni wa kila utawala unaochagua mwenyewe kinywa cha kuongea nacho: ukimchagua mtu kwa sababu hasemi hapana, hapana ya watu haitafika kwa njia hiyo, nayo itatafuta njia nyingine. Maofisa walikwenda, wakaitisha baraza, wakaeleza mpango, wakataja fidia na maji ya mabomba. Walichouliza kilikuwa ni jinsi ya kuhama. Kama watu wahame au wasihame halikuwa swali tena, maana shauri hilo lilikuwa limekwisha kukatwa.

Njia nyingine ilikuwapo, nayo ilitengenezwa na serikali yenyewe. Tanganyika haikuwa koloni. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa imetia sahihi mkataba. Kifungu cha 6 cha mkataba huo kilidai watu wapewe nafasi zaidi na zaidi katika mabaraza ya ushauri na ya sheria. Kifungu cha 8 kilisema katika sheria za ardhi haki za wenyeji, za sasa na za baadaye, ziheshimiwe. Kifungu cha 14 kiliahidi uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukutana na wa kupeleka maombi. Katika siku za Ushirika wa Mataifa maombi yalilazimika kupita mikononi mwa serikali iliyolalamikiwa. Sasa yaliweza kwenda moja kwa moja, na kila miaka mitatu wajumbe wa Baraza la Udhamini walikuja kuona kwa macho yao. Walikuja mwaka 1948, wakaja tena mwaka 1951.

Neno maombi lastahili kutazamwa kidogo. Mtu huomba kwa Mungu au kwa bwana wake. Mwenye haki hudai. Katika lugha ya mkataba hapana tofauti hiyo, ila katika Kiswahili ipo, nayo yaonyesha ustadi wa Wameru. Walichukua sura ya ombi, pamoja na unyenyekevu wake wote, wakatia dai ndani yake. Hata jina la chama chao lina mambo mawili katika tumbo moja. Kwa Kiingereza walijiita raia kwa maana ya watu wenye sauti katika nchi yao, na hali sheria iliwatambua kuwa ni watu waliohifadhiwa na Uingereza tu. Kwa Kiswahili neno raia lilikuwa likisikika bomani kila siku kwa maana ya mtu atawaliwaye. Asili yake katika Kiarabu ni kundi linalochungwa. Hawakubadili neno. Walilisema tu kama kwamba maana yake ya pili ndiyo ya kwanza.

Ujumbe wa mwaka 1951 ulipofika, Wameru waliupelekea shauri lao. Serikali haikungoja jibu. Mwezi wa Novemba 1951 maofisa na askari wa polisi waliingia Ngare Nanyuki; kwa wiki kadhaa watu walitolewa, mifugo ikaswagwa, na nyumba, kama Wameru walivyoeleza baadaye katika maombi yao, zikachomwa moto au kubomolewa pamoja na kanisa. Watu hawakupigana. Jambo hili laonekana dogo kwa sababu halikuacha wafu wengi wa kuhesabiwa, lakini ndilo pengine tendo kubwa kuliko yote la mashauri yao. Watu wenye rika za vijana na kumbukumbu za vita na Wadachi walikubaliana, katika mikutano yao wenyewe isiyoitishwa na D.C., wasiinue mkono, na makubaliano hayo yakashikwa na maelfu nyumba zikiwaka. Hapana serikali iliyowaamuru. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, si mbali sana na hapo, na kila mtu aliweza kuona njia nyingine ilivyo. Wengi walikataa pia kwenda Kingori. Walikwenda kukaa na jamaa zao juu ya mlima, wakaongeza msongamano uleule ambao tume ilikuwa imewekwa kuupunguza.

Kisha walichanga fedha. Waliomchagua kuwa msemaji ni Kirilo Japhet, na mshauri wao wa sheria alikuwa Earle Seaton, wakili mweusi kutoka Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 wote wawili walifika New York, na Kirilo akawa mtu wa kwanza wa Tanganyika kuleta malalamiko ya watu wake kwa kinywa chake mbele ya Umoja wa Mataifa. Mazungumzo ya huko yafaa kusomwa na kila mwenye kupenda kujua jinsi utawala wa amri unavyojieleza ukilazimishwa kufanya hivyo mbele ya watu. Wajumbe wa Uingereza hawakusema kwamba Wameru hawana haki ya kusikilizwa. Wasingeweza, maana mkataba ulikuwa mezani. Walisema kwamba Wameru walishauriwa kwa muda mrefu na kwa uvumilivu, na kwamba kutokubali kwao hakukuweza kuizuia serikali kutimiza jambo lililo kwa faida yao. Katika sentensi hiyo moja yamo yote: kushauri kulihesabiwa kuwa kumetimia hata pale jibu lilipotupwa. Baraza la Udhamini, ambamo nusu ya viti vilikuwa vya nchi zenye kutawala, lilieleza masikitiko juu ya kuhamishwa kwa watu dhidi ya hiari yao, wala halikuamuru warudishwe. Mwisho wa mwaka shauri lilifika katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambako nchi za Asia, za Kiarabu na za Amerika ya Kusini zilikuwa na wingi, na kamati ikataka Wameru warudishiwe ardhi. Mbele ya Baraza Kuu lenyewe azimio lilipata kura nyingi, lakini halikufikia thuluthi mbili zilizohitajiwa. Likaanguka.

Kwa hesabu ya kura, basi, Wameru walishindwa bomani wakashindwa na New York. Kilichofuata hakikuwa katika mpango wa mtu yeyote. Kirilo alirudi nchini, na mwaka 1953 akazunguka majimbo mengine kwa njia ya chama cha T.A.A., akiwaeleza watu yaliyotokea Ngare Nanyuki na yaliyosemwa ng'ambo. Wasukuma, ambao walikuwa na manung'uniko yao juu ya kupunguzwa kwa mifugo na amri za kilimo, walisikia habari ya mlima ambao wengi wao hawakupata kuuona, wakaitambua kuwa ni habari yao. Kiswahili ndicho kilichowezesha hayo. Serikali ilikikuza kwa shule zake, kwa gazeti lake la Mambo Leo tangu mwaka 1923, na kwa mabaraza ya ma-D.C., ili amri moja ifahamike nchi nzima. Lugha iwezayo kupeleka amri moja kila mahali yaweza pia kupeleka lalamiko moja. Hapo kabla kila kabila lilifanya shauri lake na D.C. wake. Sasa watu wa wilaya mbalimbali walianza kushauriana wao kwa wao juu ya serikali, na -ana hiyo ya mwisho wa kitenzi ndiyo iliyokuwa mpya.

T.A.A. iligeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Julius Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini mwezi wa Machi 1955 alipita mlango ambao Wameru walikuwa wamekwisha kuufungua, na safari hii dai halikuwa la mashamba, bali la nchi. Serikali ilijifunza nayo kwa upande wake. Vyama vilitakiwa kuandikishwa, mikutano ya hadhara kuombewa ruhusa, TANU ikafungiwa Usukuma kwa miaka kadhaa, na Nyerere mwenyewe mwaka 1957 akakatazwa kuhutubia watu hadharani. Makatazo hayo ni aina ya sifa. Serikali iliyokuwa tayari kuitisha baraza wakati wowote ilitaka sasa leseni kwa baraza ambalo haikuliitisha.

Huko Meru mambo yalikwenda polepole. Utawala wa Mangi ulibadilishwa, kwa kuwa hata maofisa walikubali kwamba kinywa walichokuwa wamekichagua hakikuwa na watu nyuma yake. Eneo la walowezi halikustawi kama ilivyotumainiwa. Maziwa na nyama ambavyo kwa ajili yake watu 3,000 waliondolewa havikutoka kwa wingi uliosemwa, na ardhi ikarudi mikononi mwa Wameru. Haikurudishwa kwa hukumu, wala hapana aliyesema rasmi kwamba jibu la mwaka 1951 lilikuwa sahihi.

Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Seaton walichapisha kitabu Nairobi kuieleza kesi nzima. Ni kitabu chenye manufaa makubwa, nacho ni cha Kiingereza, kama ilivyo taarifa ya Wilson, kama ilivyo mikataba na maazimio. Upande wa serikali, kwa hiyo, wasomeka katika lugha uliyojieleza nayo, na upande wa washili na wazee wasomeka katika tafsiri. Maneno ambayo kwayo walikubaliana wasipigane, waliyoyasema kwa Kimeru na kwa Kiswahili usiku baada ya usiku, hayamo. Wengi wa waliokuwa watu wazima mwezi ule wa Novemba wamekwisha kufa. Waliobaki walikuwa watoto, na wanachokumbuka zaidi ni moshi na ng'ombe.